Kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya fuvu la mtoto

Swali lilimkuta mama hajajiandaa. Mwanawe wa miaka 11, aliyegongwa na bodaboda miezi minne iliyopita akivuka barabara kwenda shule, alikuwa ameketi pembeni yake kliniki, kofia ya sufi ameivuta hadi masikioni. Chini ya kofia hiyo, upande wa kulia wa kichwa umebonyea kama mpira uliopungua upepo. Daktari aliitazama picha ya CT-Scan, akasema uvimbe umekwisha, kidonda kimepona, na wakati wa kufunika sehemu isiyo na mfupa umefika. Akaongeza kwamba kuna zaidi ya njia moja ya kuifunika, hivyo familia ikae, izungumze, kisha irudi na maswali.

Jioni hiyo mama akampigia simu kaka yake mkubwa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mjomba wangu anaendeleaje?"

Alipomaliza kueleza, kaka hakusita. "Titani, mdogo wangu. Usikubali kingine. Kile kiwanja kipo, tutakiuza."

"Lakini daktari anasema mfupa wake mwenyewe upo, kaka."

"Upo wapi?"

"Tumboni."

Upande wa pili wa simu ukawa kimya. Mama naye alikuwa amelibeba jambo hilo miezi minne bila kumwambia jirani hata mmoja, kwa kuogopa watu watasema nini.

Si jambo la ajabu hospitalini. Fuvu ni kama sanduku gumu. Ubongo ukipata pigo kubwa huvimba, kama kifundo cha mguu kinavyovimba kikiteguka, ila wenyewe hauna pa kutanukia. Shinikizo likizidi, damu hushindwa kupita na mgonjwa anaweza kufa. Dawa zikishindwa kulishusha, daktari wa upasuaji wa ubongo huondoa kipande kikubwa cha mfupa ili ubongo upate nafasi. Mfupa huo haurudishwi siku hiyohiyo. Ngozi hushonwa juu ya ubongo na utando wake, na mgonjwa hukaa wiki au miezi bila kipande hicho.

Swali ni mfupa ule ukae wapi. Hospitali zenye friza maalumu za nyuzi joto 70 hadi 80 chini ya sifuri huuhifadhi humo, ukiwa umefungwa na kuandikwa jina la mgonjwa. Lakini friza ya namna hiyo inataka umeme usiokatika, jenereta inayowaka kwa wakati na mtu wa kuangalia kipimo cha joto usiku na mchana. Pasipo na uhakika huo, daktari hufungua mfuko mdogo chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa na kuuweka mfupa humo. Hauingizwi ndani kwenye matumbo. Unakaa kwenye tabaka la mafuta, juu ya misuli. Njia hii imetumika kwa takribani miaka 100, na faida yake ni rahisi kueleweka: mfupa haupotei, hauchanganywi na wa mtu mwingine, na mgonjwa akihamishiwa hospitali nyingine anakwenda nao.

Hivyo swali la kwanza la mzazi, kabla ya titani na kabla ya bei, ni hili: mfupa wa mwanangu uko wapi na uko katika hali gani? Wazazi wengi hawaliulizi. Mtoto alipofanyiwa upasuaji wa kwanza walikuwa koridoni wakilia na kusaini karatasi, na waliyoambiwa siku ile hawayakumbuki. Hakuna aibu kuuliza tena.

Mfupa ukiwepo na ukiwa safi, madaktari wengi huanza na huo, na kwa mtoto sababu zinaongezeka. Ni wa kwake, kwa hiyo unakaa mahali pake sawasawa bila kuchongwa upya. Haununuliwi. Kikubwa zaidi, ukishika vizuri unaungana na mifupa ya jirani, mishipa ya damu inaingia ndani yake, na unaweza kuendelea kukua pamoja na kichwa. Hakuna chuma wala plastiki inayofanya hivyo.

Lakini mfupa wa mwenyewe una udhaifu ambao mzazi anatakiwa kuujua mapema, asije kuona ameonewa baadaye. Unaweza kulika. Mwili, badala ya kuupokea, huanza kuumeng'enya polepole, na baada ya miezi au miaka kile kilichokuwa kigumu kinakuwa chembamba, chenye matundu, kinacheza kikibonyezwa. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2017 uligawa wagonjwa 64 katika makundi mawili kwa njia ya kura. Waliorudishiwa mfupa wao walikuwa 31, na waliowekewa titani iliyotengenezwa kwa vipimo vyao walikuwa 33. Mwaka mmoja baadaye, wagonjwa saba kati ya wale 31 mifupa yao ilikuwa imelika kiasi cha kuhesabiwa kuwa imeshindwa kabisa. Upande wa titani hakuna aliyefikia hapo.

Na kwa watoto tatizo hili la kulika huonekana mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wazima, hasa wale wadogo sana, na hasa kipande kikiwa kikubwa au kilichovunjika vipande vipande. Kwa hiyo yule mjomba kwenye simu hakuwa akisema upuuzi. Alikosea kudhani kwamba jibu ni moja kwa watoto wote.

Mfupa pia huharibika kwa namna unavyotunzwa. Uliochemshwa kwa mvuke mkali ili kuua vijidudu unabaki na umbo lakini chembe hai zake zimekufa, na hatari ya kulika inaongezeka. Uliokaa tumboni muda mrefu unaweza kupungua kingo. Ulioguswa na usaha haurudishwi. Ulioingia mchanga na matope kwenye ajali, kila daktari ataupima kwa macho yake na pengine ataukataa. Hapo ndipo vifaa vingine vinapoingia.

Kinachoamua kabla ya kifaa chochote ni umri. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja au miwili, utando mgumu unaofunika ubongo bado una uwezo wa kutengeneza mfupa mpya, na tundu dogo linaweza kujifunga lenyewe. Daktari anayemwambia mama wa kichanga "tusubiri kwanza" hajamtelekeza mtoto. Ubongo hukua kwa kasi miaka ya mwanzo. Kufikia miaka mitano hivi huwa umefikia takribani asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ukimwekea mtoto wa miezi 18 bamba gumu la chuma lililokazwa kwa skrubu, kichwa kinaendelea kukua na bamba linabaki vilevile. Bamba na skrubu vinaweza kuonekana kama vinazama ndani, kwa kuwa mfupa unaongezeka kwa nje na kupungua kwa ndani. Ndiyo maana kwa watoto wadogo kabisa hutumika, panapopatikana, vibanio vinavyoyeyuka vyenyewe mwilini.

Wapo pia madaktari wanaotafuta mfupa mwingine kutoka kwa mtoto mwenyewe. Fuvu lina matabaka mawili magumu na katikati yake sehemu laini kama sifongo. Kwa mtoto aliyekwisha kukua kidogo, kipande cha fuvu zima kinaweza kupasuliwa katikati kama mkate wa slesi, tabaka moja likarudi mahali pake na jingine likaziba tundu. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu hivi matabaka hayo bado hayajaachana vizuri, na kazi hiyo huwa ngumu. Njia nyingine ni ubavu: unachukuliwa, unapasuliwa, na ganda la nje la ubavu likiachwa salama, ubavu mwingine huota. Mzazi akisikia hivi kwa mara ya kwanza hushika kichwa. Ni upasuaji wa sehemu mbili na maumivu ya sehemu mbili, lakini anayepewa ushauri huo anapewa kitu kitakachokua na mtoto.

Mfupa wa mwenyewe ukishindikana, kifaa kinachotumika sana katika nchi zenye kipato kama cha kwetu ni kile ambacho madaktari hukiita saruji ya mifupa. Jina linawatisha watu bure. Si saruji ya kujengea nyumba. Ni aina ya plastiki ngumu, akriliki, ya ukoo mmoja na ile ya kutengenezea sehemu ya fizi katika meno bandia, na imetumika kwenye mafuvu tangu miaka ya 1940. Unga huchanganywa na kimiminika ndani ya chumba cha upasuaji, unakuwa kama donge la ugali laini, daktari anaufinyanga kufuata umbo la kichwa, na ndani ya dakika chache unakuwa mgumu.

Uzuri wake ni bei, na kwamba unaweza kuchanganywa na antibayotiki. Ubaya wake uko wa namna tatu. Wakati wa kugandamana hutoa joto kali, hivyo daktari huufinyanga nje ya kichwa au humwagia maji ya chumvi yaliyo safi bila kukoma ili ubongo usiungue. Pili, hauungani na mfupa, na pigo kubwa linaweza kuupasua. Tatu ni umbo: ukifinyangwa kwa mkono, kwenye tundu kubwa la paji la uso, mtoto anaweza kubaki na kichwa kisicholingana. Tatizo hili la tatu limepata nafuu. Kwa kutumia picha za CT-Scan na printa ya 3D, sehemu nyingine duniani sasa hutengeneza kalibu ya plastiki yenye umbo la kile kipande kilichopotea, saruji ikamiminwa humo, na gharama ikabaki chini sana ukilinganisha na kifaa cha kuagiza kiwandani. Mzazi anaweza kuuliza kama hospitali yake ina njia hiyo. Akiambiwa haipo, tundu lililo pembeni, chini ya nywele, bado linaweza kufunikwa vizuri kwa mkono wa daktari mzoefu.

Titani ni madini mepesi na imara, yasiyoshika kutu, ambayo mwili huyavumilia vizuri. Huja kama wavu unaokatwa na kukunjwa mezani, au bamba lililotengenezwa kwa vipimo vya mgonjwa mmoja. Wavu una bei nafuu kuliko bamba la vipimo, na wazazi wanaotajiwa "titani" bila maelezo wanaweza kulinganisha bei za hospitali mbili wasijue kwamba wanalinganisha vitu viwili tofauti. Waulize: ni wavu au ni bamba la vipimo? Nani anaitengeneza, na itachukua wiki ngapi kufika?

Udhaifu wa titani hauko kwenye chuma, uko kwenye ngozi iliyo juu yake. Ngozi ikiwa nyembamba, yenye kovu, au iliyofunguliwa mara nyingi, kingo za chuma zinaweza kuitoboa taratibu hadi bamba likaonekana. Likionekana, mara nyingi hulazimika kutolewa. Wagonjwa wengine husema wanahisi joto au baridi upande ule, kwa hiyo kofia kwenye jua la saa saba si urembo. Na ikiwa mtoto alitolewa mfupa kwa sababu ya uvimbe wa ubongo na atahitaji picha za kufuatilia kila mara, daktari atalifikiria hilo pia, kwa kuwa titani huacha kivuli kwenye picha.

Kipo kifaa kingine, plastiki ya kisasa iitwayo PEEK, nyepesi, isiyotia kivuli kwenye picha, inayochongwa kwa vipimo. Ni nzuri, ni ghali, na nayo haiungani na mfupa. Familia nyingi zitaisikia tu.

Basi mbona wazazi wengi huishia kuamini kwamba cha bei kubwa ndicho bora? Sababu moja ni mapenzi. Mzazi aliyemwona mwanawe kwenye mashine ya kupumulia anataka kulipa deni ambalo hata si lake. Lakini kifaa cha bei yoyote kikiwekwa juu ya kidonda chenye vijidudu vilivyojificha kitatolewa. Maambukizi ndiyo adui mkubwa wa vifaa vyote hivi. Kabla ya kuchagua chuma au plastiki, daktari hutaka kujua: kulikuwa na usaha? Sikio au pua ilivuja maji? Mtoto ana jino bovu, jipu, kikohozi kisichoisha? Mzazi anayeficha homa ya wiki iliyopita kwa kuogopa tarehe ya upasuaji kusogezwa anamweka mwanawe hatarini kuliko anayekosa fedha za titani.

Fedha zenyewe zizungumzwe mapema. Mwenye bima aulize inalipia nini hasa, kwa sababu kulipiwa upasuaji na kulipiwa kifaa ni mambo mawili. Asiye na uwezo aende kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuuza chochote. Mtoto aliyetoka kwenye jeraha la ubongo anaweza kuhitaji dawa za degedege, mazoezi ya viungo na mwalimu mvumilivu kwa muda mrefu baada ya fuvu kufunikwa. Kiwanja kikiisha kwenye bamba, hayo yatalipiwa na nini?

Mtaani yapo maneno mengine. Kwamba mwenye chuma kichwani huvutia radi. Si kweli, kipande kidogo cha titani chini ya ngozi hakiiti radi, na mwenye nacho atakimbia mvua kama wenzake. Kwamba hatapimwa MRI maisha yake yote. Titani haivutwi na sumaku, na wengi hupimwa bila tatizo, ila mhudumu aambiwe kabla na karatasi ya kifaa ionyeshwe. Karatasi hiyo itunzwe na cheti cha kuzaliwa.

Swali la dini nalo ni la haki, hata kama wengine huona haya kulitaja. Mwaka 1668 yalichapishwa maandishi ya tabibu wa Uholanzi, Job van Meekeren, yenye kisa cha askari wa Urusi aliyezibwa fuvu kwa mfupa wa mbwa. Kanisa likamtenga; akaomba utolewe, ikashindikana kwa kuwa ulikuwa umeshika. Leo titani, saruji ya mifupa na PEEK havitokani na mnyama yeyote. Lakini kiraka cha utando wa ubongo, ambacho wakati mwingine huwekwa chini yake, kinaweza kutokana na ng'ombe au nguruwe. Mzazi anayejali aulize kabla, siyo baada.

Wakati wa kusubiri, mtoto asiye na kipande cha fuvu analindwa kama yai. Havuki barabara peke yake, hapandi bodaboda, halali upande ule, na shuleni mwalimu wa zamu anajua. Kofia ngumu ikipatikana avae. Watoto wenzake watacheka. Hapo ni kazi ya mwalimu kusema nao. Baada ya upasuaji, homa, kidonda kinachotoa maji au usaha, uvimbe unaoongezeka, kutapika, degedege au usingizi usio wa kawaida ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, si ya duka la dawa. Na aliyerudishiwa mfupa wake asiache kliniki hata akionekana mzima, kwa sababu mfupa hulika kimyakimya. Mzazi anaweza kupapasa taratibu akimwosha: je, ni pagumu kama mwezi uliopita?

Mama yule alirudi kliniki wiki iliyofuata akiwa na kaka yake. Mjomba alikuwa na karatasi yenye maswali sita, la kwanza likiwa bei ya titani. Daktari alilijibu, kisha akabonyeza tumbo la mtoto taratibu na kuwaonyesha kingo za mfupa kwa kidole. Akasema atauangalia siku ya upasuaji. Ukiwa mzima atauweka. Ukiwa umepungua kingo ataziba nafasi kwa saruji kidogo. Kwa mwaka mzima watapiga picha kufuatilia. Ukija kulika, kwa umri wake kichwa kitakuwa kimekaribia ukubwa wa mwisho, na hapo titani itazungumzwa tena.

"Kwa hiyo kiwanja tukiache kwanza?" mjomba aliuliza.

"Mkiache, mzee. Msikitie hati mfukoni mkaja nayo siku ya upasuaji."

Mtoto, ambaye muda wote alikuwa kimya, akavua kofia akajikuna. Alitaka kujua kitu kimoja tu: wakitoa mfupa tumboni, pale patabaki shimo? Daktari akamwambia patabaki mstari mdogo, kama wa kalamu. Akauliza tena kama mstari huo utazuia kucheza mpira. Miezi mitatu asiguse, akajibiwa, na mpira wa kichwa ausahau hadi atakapoambiwa.

Mtoto akamwangalia mjomba wake. "Mimi huwa nacheza golini," akasema.